Belti ya Pikapu Inalia: Tafuta Kinachoiliza Kabla ya Kununua Mpya

Pikapu imelala nje usiku kucha, umande wa bahari umetanda juu ya boneti. Alfajiri unawasha kwenda Mayungu kuchukua samaki, na mtaa mzima unaamka: piiiii. Baada ya nusu dakika kelele inakata, gari linaondoka, na jambo linasahaulika mpaka kesho yake. Subira ikiisha, mwenye gari huenda duka la spea akanunua belti mpya. Wiki mbili baadaye mlio uko palepale, kwa sababu kilichokuwa kikiiliza belti ya kwanza hakikuguswa.

Belti ni mpira unaopita juu ya puli, yale magurudumu madogo yenye mifereji. Hulia ikiteleza, au ikiingia kwenye puli ikiwa upandeupande, au ikilazimishwa kuzungusha kitu kinachogoma. Mambo hayo matatu hayafanani mlio wala dawa, na ukiyachanganya utatumia pesa mara tatu. Kuyatenganisha hakuhitaji mashine ya kompyuta. Tafuta chupa ya kupulizia maji, tochi, rula ya chuma ya sentimita 30 au ubao ulionyooka kabisa, chaki, bisibisi ndefu, multimita ya bei ndogo, na spana. Kwenye pikapu nyingi za Kijapani namba 12, 14 na 17 zinatosha.

Kabla ya kuinamia injini inayozunguka, vaa suruali. Kikoi, shuka, mtandio na mikono mirefu iliyolegea vikinaswa na feni vinavuta mwili wote, na hakuna atakayewahi kuzima. Vua pete na saa. Weka gia huru, vuta handbreki, zuia magurudumu. Kila unapotaka kuishika belti kwa mkono, zima injini na ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Gari lenye feni ya umeme lina hatari ya ziada: feni hiyo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ng'oa waya hasi wa betri.

Ijue belti uliyonayo

Pikapu za zamani zina belti nyembamba zenye umbo la V, mbili au tatu, kila moja na kazi yake. Za kisasa zina belti moja pana yenye mistari kwa ndani, inazunguka kila kitu na hukazwa na tenshena, yaani mkono wenye puli unaosukumwa na springi. Namba imeandikwa mgongoni. Ukisoma 6PK1880, 6 ni idadi ya mistari, PK ni aina ya mistari hiyo, na 1880 ni urefu kwa milimita.

Fuata njia yake kwa macho. Kutoka puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini) chini, huenda kwenye alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na feni, pampu ya pawa stiringi inayolainisha usukani, na kompresa ya AC kama ipo. Kuna kitu kimoja ambacho wenye Hilux za zamani za dizeli, za injini kama 2L, 3L na 5L, wanapaswa kukijua: pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Belti ikikatika, hukosi chaji peke yake. Pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Isuzu nyingi za dizeli za zamani ziko hivyohivyo. Ndiyo maana mlio wa belti kwenye magari haya si wa kuzoewa, hasa kwa anayeshuka na shehena ya embe kutoka Magarini.

Belti ya taimingi, kwa injini zenye nayo, imefichwa ndani ya kava na si hii tunayoizungumzia.

Sikiliza kwanza, usishike kitu

Mlio mrefu, mkali, unaopanda ukikanyaga mafuta, piiiii, ni wa belti inayoteleza. Mlio mfupifupi unaojirudia kama kifaranga, chwi-chwi-chwi, ambao huenda kasi pamoja na injini na husikika zaidi injini ikizunguka polepole, mara nyingi ni wa puli zisizo kwenye mstari mmoja. Mngurumo wa kukwaruza, krrrr, usiojali belti ni mpya au kuukuu, ni wa beringi, kile kinachoifanya puli izunguke laini. Masikio hudanganya, lakini yanakupa pa kuanzia.

Kisha bebesha mzigo kimoja baada ya kingine. Injini ikiwa imepata moto, zima kila kitu. Washa taa kubwa na feni ya ndani kwa kasi ya juu: mlio ukitokea, mzigo wa alteneta ndio unaoishinda belti. Zima, kisha zungusha usukani mpaka mwisho, usishikilie zaidi ya sekunde 5: mlio ukija hapo, tazama pampu ya usukani na belti yake. Rudisha usukani, washa AC usubiri kompresa idake, tak. Ikilia wakati huohuo, ni kompresa au belti inayoivuta. Kuzima AC hakuondoi lawama kwa puli ya kompresa, kwani puli hiyo huzunguka muda wote na beringi yake huchakaa hata kwa mtu asiyewahi kuiwasha.

Ule mlio wa alfajiri una maelezo yake. Kuwasha injini, hasa ya dizeli yenye plagi za kupasha moto, kumetoka kunyonya betri, na alteneta inarudisha chaji kwa nguvu zake zote. Alteneta inayotoa ampea 70 kwa volti 14 inatoa karibu wati 1,000, na belti inapaswa kuvuta zaidi ya hapo kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Ongeza umande juu ya mpira. Belti nzima iliyokazwa sawasawa huvumilia hali hiyo, iliyolegea hulia.

Hapo usiisahau betri. Betri iliyochoka hula chaji nyingi kwa muda mrefu na kuibebesha belti mzigo usiokwisha. Pima kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku: volti 12.6 ni nzuri, 12.2 ni dhaifu. Washa upime tena kwenye vichwa vya betri. Inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13 wakati belti inapiga kelele, kisha ikapanda kelele ilipokatika, basi belti ilikuwa ikiteleza na alteneta haikuzungushwa ipasavyo. Belti ikiwa nzima na imekazwa sawasawa, betri nayo ishukiwe.

Jaribio la maji

Hiki ndicho kipimo kinacholipa kuliko vyote, na kinafanywa visivyo kila siku. Jaza chupa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima kilicho karibu na ufuo yana chumvi, yakikauka yataacha unga kwenye mifereji ya puli na kukuletea ugomvi mpya. Injini ikizunguka polepole na mlio ukiwa unasikika, simama pembeni, pulizia mara mbili au tatu tu upande wa ndani wa belti, wenye mistari. Kwa belti ya V, pulizia mbavu zake, yaani pande mbili za mshazari. Usiielekeze chupa kwenye matundu ya alteneta.

Mlio ukizidi, belti inateleza: imelegea, imechakaa, tenshena imechoka, au kuna puli inayogoma kuzunguka. Mlio ukipungua au ukikoma, kisha ukarudi maji yakikauka, puli haziko kwenye mstari mmoja, au mifereji yake imejaa uchafu. Maji yamelainisha msuguano wa pembeni kwa muda, basi. Mlio usipobadilika hata kidogo, belti haina kosa, nenda kwenye beringi.

Kosa linalofanywa ni kumwaga jagi zima. Belti yoyote ikilowa chapachapa itateleza na kulia, na jaribio halitakuambia kitu. Kosa la pili ni kuona mlio umekoma kwa maji na kutangaza kwamba gari limepona.

Ikiwa inateleza

Zima injini. Kwa belti ya V, bonyeza katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kama kilo 10. Kwa nafasi ya sentimita 30 hivi inapaswa kushuka milimita 10 hadi 13. Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu. Kisha angalia jinsi ilivyokaa ndani ya puli. Mgongo wa belti ya V unapaswa kuwa sawa na ukingo wa puli au juu kidogo. Ikizama na kugusa sakafu ya mfereji, huwezi kuiponya kwa kuikaza. Belti ya V hushika kwa mbavu zake, na ikikalia tumbo haina tena kabari. Sakafu ya puli iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa, ndicho kilichotokea.

Belti ya mistari inahitaji jicho la makini zaidi. Zamani mafundi walihesabu nyufa, na belti zenye mpira wa neoprini kweli hupasuka. Za siku hizi nyingi ni za mpira wa EPDM, ambao hauonyeshi nyufa kirahisi hata ukiisha. Huisha kama tairi: mabonde kati ya mistari hupanuka na kuingia ndani, belti inakaa chini zaidi kwenye puli, na maji ya umande hayapati pa kutokea. Kwa hiyo belti isiyo na ufa hata mmoja yaweza kuwa imekwisha kabisa. Linganisha na mpya dukani, pitisha ukucha kwenye mabonde ya belti zote mbili. Mng'aro wa kioo kwenye mistari ni dalili ya kuteleza kwa muda mrefu: mpira umeungua na kuwa mgumu.

Tenshena ya springi huachwa bila kukaguliwa. Itazame injini ikizunguka polepole. Mkono wake hutikisika kidogo sana, na ukiona unarukaruka kwa upana wa kidole, imechoka, au kuna puli inayoibughudhi. Zima, uuvute kwa spana: unapaswa kwenda laini na kurudi kwa nguvu. Ukikwama njiani au ukirudi kivivu, kutu imeingia. Karibu na bahari hili halishangazi.

Kwenye pikapu nyingi za dizeli za kisasa puli ya alteneta ina klachi ndani, inayokubali kuzunguka upande mmoja na kukataa mwingine. Ikikwama pande zote, belti hupigwa vishindo, mkono wa tenshena huruka, na husikika chwi unapozima injini. Toa belti, zuia rota ya alteneta (sehemu ya ndani inayozunguka) isizunguke, kisha zungusha puli kwa mkono. Upande mmoja lazima iteleze huru na upande wa pili ishike. Ikishika kote au kuteleza kote, imekufa.

Ikiwa ni mstari uliopinda

Laza rula juu ya uso wa puli ya kranki kisha uone inavyoifikia puli ya jirani. Pengo la zaidi ya milimita 1 hadi 2 kwa sentimita 30 linatosha kuliza belti ya mistari. Kumbuka puli zote hazina unene mmoja, kwa hiyo kinacholinganishwa ni mifereji, si kingo. Visababishi vya kawaida: alteneta iliyobadilishwa ikafungwa bila washa (kiduara cha chuma cha bolti) iliyokuwepo, bolti ya chini iliyolegea, bracketi iliyopasuka, au puli ya gari lingine iliyofanana kwa macho. Belti iliyokaa mfereji mmoja pembeni, mstari mmoja ukining'inia nje, ni kosa la ufungaji. Hutokea zaidi ya mnavyofikiri.

Puli ya kranki ina siri yake. Kwenye injini nyingi ni duara mbili za chuma zilizounganishwa kwa mpira. Mpira ukichoka, duara la nje huyumba au huteleza peke yake, na unaweza kubadilisha belti tano bila kupona. Piga mstari mmoja wa chaki kutoka kitovu hadi ukingo wa nje, endesha mpaka Gede na kurudi, kisha tazama. Mstari ukiwa umekatika na vipande viwili havikutani, puli imekwisha. Isiendeshwe safari ndefu, kwani ikichomoka inaweza kupiga rejeta.

Chumvi na mchanga vina sehemu yao hapa. Gari linalosimama siku kadhaa karibu na ufuo hupata kutu kwenye puli za chuma, na kutu hiyo huisugua belti kama msasa. Wanaopita njia za mchanga za Mambrui na Ngomeni, au kubeba chumvi Gongoni, watazame bati la chini ya injini. Hufunguliwa siku ya kubadilisha oili na halirudishwi, na tangu siku hiyo gurudumu hurushia mchanga na maji moja kwa moja kwenye puli ya kranki. Lirudishe. Safisha mifereji kwa brashi ya waya injini ikiwa imezimwa na belti imetolewa, ufute kwa kitambaa. Puli iliyoliwa na kutu mpaka ikawa na vishimo, badilisha.

Ikiwa ni beringi, au ni oili

Toa belti, uwashe injini kwa sekunde 20, isizidi 30, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Mlio ukiendelea, chanzo kiko ndani ya injini na si kwenye puli za belti. Ukitoweka, zima uzungushe kila puli kwa mkono. Nzuri huzunguka kimya. Mbovu hukwaruza, au huzunguka muda mrefu kupita kiasi kwa sababu grisi imekauka. Ishike puli uitikise huku na huku: isicheze. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya mhimili wake. Ukiona alama ya maji au unga mkavu uliotoka hapo, sili imekwisha na beringi iko njiani. Kwa kusikiliza injini ikiwaka, weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa kifaa, si kwenye puli, na mpini karibu na sikio.

Belti iliyolowa oili haisafishiki. Mpira umeinyonya na utavimba. Lakini tafuta oili inakotoka kabla ya kufunga mpya: sili ya mbele ya kranki, gasketi ya kava ya valvu, paipu ya pawa stiringi, na, kwa zile dizeli zenye vakyumu nyuma ya alteneta, sili ya pampu hiyo. Hii ya mwisho huingiza oili ndani ya alteneta pia, kwa hiyo chaji ikianza kusumbua pamoja na mlio, hapo ndipo pa kwanza kuangalia.

Kuhusu sabuni ya mche, mshumaa, soda na dawa ya kupuliza: usipake chochote. Vinakinyamazisha kipimo chako kwa siku moja, vinanasa mchanga, na kila kinacholainisha huifanya belti iteleze zaidi baadaye. Fundi anayekuja na sabuni mkononi amekuja kuzima kengele.

Kufunga mpya

Nenda dukani na belti ya zamani, ufuate namba, si urefu wa kulinganisha kwa mikono, kwani ya zamani inaweza kuwa imevutika. Idadi ya mistari lazima iwe ileile. Belti za V zinazokwenda mbili sambamba hubadilishwa zote mbili siku moja, vinginevyo mpya hubeba mzigo wote. Piga picha ya njia ya belti kabla ya kuitoa.

Kwa alteneta ya kukaza kwa bolti, legeza bolti ya chini na ya kufungia juu, kaza kwa bolti ya kurekebishia, usiibanue kwa chuma kwenye mwili wa aluminiamu. Funga ya juu, kisha ya chini, upime tena, maana kufunga hubadilisha mkazo. Kukaza kupita kiasi ili isilie hata ikitaka kunaua beringi za alteneta na pampu ya maji. Endesha dakika 10 hadi 15, zima, pima. Belti ya V hulegea mwanzoni, hivyo ikazwe tena baada ya kilomita 300 hivi.

Anayeelekea Mokowe aweke nyuma ya kiti belti ya pili yenye namba sahihi, pamoja na spana za kuifunga. Kati ya Garsen na Witu duka la spea haliko karibu. Taa nyekundu ya betri ikiwaka huku usukani ukiwa mzito, simama papo hapo kabla mshale wa joto haujapanda, ufungue boneti, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.